Vijiti Vinne vya Alfajiri

Saa kumi na moja na robo alfajiri, mahali ambapo ni mwendo wa saa mbili kwa miguu kufika Biliqo, mama mmoja alikuwa amesimama juu ya jiwe jeusi, mkono wa kulia ameunyoosha juu kama mtu anayetungua embe. Mkononi alishika simu ya mulika mwizi. Mwanga wa kioo chake ndio uliotuonyesha uso wake kabla hatujamfikia. Tukatoa salamu, akaitikia bila kushusha mkono. Simu ilikuwa na vijiti vinne, vimejaa, utadhani tuko nyuma ya benki mjini Isiolo. Akabonyeza namba, akafungulia spika. Kimya. Halafu mlio mfupi wa kukatika. Akabonyeza tena. Kimya, mlio.

"Iko na haiko," alisema. "Kila asubuhi ni hivi. Jua likipanda, hii kubwa inaenda, inakuja ile kidogo. Hiyo kidogo ndiyo inaongea."

Maneno hayo niliyaandika pale pale kwenye daftari, kwa tochi. Sisi tulikuwa hapo kwa bahati mbaya. Gurudumu la pili lilikuwa limepasuka wakati wa magharibi, la akiba limeshatumika, tukalala kwenye mchanga wa laga kavu tukingoja lori lolote litakalopita. Mwenzangu ni fundi wa minara, kijana wa Machakos ambaye kwa miaka tisa amekuwa akizunguka kaskazini na kompyuta yake iliyofungwa kwa utepe wa nailoni. Mimi nilikuwa nimeomba lifti tu. Mhariri alinituma kuandika habari za malisho, na malisho niliyaandika. Haya ni yale yaliyobaki kwenye daftari.

"Mzee," fundi aliniambia tulipomwacha yule mama na simu yake, "umesikia? Mimi nimeandika ripoti ya kurasa kumi na mbili kuhusu hiyo kitu, na amenishinda."

Tulikuwa tumetoka Isiolo siku iliyotangulia, ndani ya Land Cruiser iliyobeba mapipa mawili ya dizeli, betri, kamba za kupandia mnara na mbuzi mmoja ambaye mpaka leo sijui alikuwa wa nani. Isiolo mjini ni mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari na asubuhi mtu huvaa sweta bila aibu. Ukishika njia ya Merti unateremka polepole kuelekea bonde la Ewaso Nyiro. Lami inakwisha, sweta inavuliwa, migunga inazidi kuwa mifupi, na mawe meusi ya volkano yanatapakaa kama makaa yaliyomwagwa na mtu mwenye hasira. Mto wenyewe haufiki baharini. Katika miaka ya kawaida unaishia kwenye kinamasi cha Lorian, huko mbele ya Merti, ukanywewa na ardhi. Ulikuwa mwisho wa bona, kiangazi cha Waborana, na watu walikuwa wakihesabu siku za kuingia hagaya, mvua za vuli. Hawaihesabu kwa mchezo. Hapa mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, kisha vuli ya 2023 ikaja na gharika.

Saa saba mchana, kabla ya gurudumu la kwanza, tuliona ziwa. Lilikuwa limetanda njiani mbele yetu, la buluu, na ngamia watatu walikuwa wakilivuka bila miguu: viwiliwili tu, vinaelea. Sisi watu wa pwani tunayaita mazigazi na tunadhani tunayajua kwa sababu tunayaona juu ya lami ya Mariakani. Sijapata kuona mazigazi yenye mawimbi madogo ufukweni.

"Hayo maji ndiyo kazi yangu," fundi alisema, akanyoosha kidole bila kuachia usukani. Nikadhani ananitania.

Akaeleza huku akikwepa mawe. Mwanga hauendi kwa kasi moja kila mahali. Kwenye hewa huenda polepole kidogo kuliko kwenye utupu, tofauti ya sehemu 3 katika 10,000, kiasi ambacho mtu mwenye haraka angekidharau. Lakini hewa ya moto ni nyepesi na hewa ya baridi ni nzito, na mwanga unaopita baina yake hupinda kuelekea ile nzito. Mchana, juu ya mawe yanayochoma, hewa ya moto iko chini. Mwanga wa anga unaoteremka hupindishwa kabla ya kugusa ardhi, unarudi juu, unaingia machoni ukitokea chini. Akili, ambayo haijapata kuona anga ikikaa chini, inasema: maji.

Mawimbi ya redio ni ndugu wa mwanga, alisema, na usiku hufanyiwa kinyume chake.

Neno maikrowevu kwa wengi wetu ni lile sanduku la kupashia ugali wa jana. Lakini mnara wa simu usio na waya wa chini ya ardhi huongea na mnara mwenzake kwa mawimbi ya jamaa hiyo hiyo. Zile dishi za duara zilizofunikwa, mfano wa ngoma zilizoangikwa kwa ubavu, kila moja inatazama mwenzake kilomita nyingi mbele. Simu ya mfugaji inafika mnara wa karibu kwa njia moja. Kutoka hapo mazungumzo yake, pesa zake za M-Pesa na picha ya ndama wake vinarushwa kutoka dishi hadi dishi, kilima hadi kilima, mpaka mjini. Nairobi minara imepandana na nyuzi za kioo zimezikwa kila mtaa. Huku, kuruka kilomita 40 au 50 kwa mara moja ni jambo la kawaida.

Na kilomita 50 ni mbali vya kutosha kwa dunia kuonyesha mgongo wake. Chukua minara miwili iliyoachana hivyo juu ya uwanda tambarare. Katikati yake ardhi imevimba kama mita 37 kwa hesabu wanayotumia mafundi, na hapo tayari wameshaihesabu hewa kuwa msaidizi. Siku ya kawaida hewa ni nzito chini na nyepesi juu. Fikiria watu wawili waliobeba boriti ndefu, wa ndani akienda polepole na wa nje akienda mbio: boriti itapinda kona yenyewe. Wimbi nalo, upande wake wa juu ukiwahi, huinamia ardhi kidogo na kuifuata. Kwa hiyo mafundi huchora ramani zao kana kwamba nusu kipenyo cha dunia si kilomita 6,370 bali 8,500 hivi, dunia kubwa zaidi, iliyonyooka zaidi. Tatizo ni kwamba dunia hiyo ya karatasi haikai ukubwa mmoja. Hewa ikibadilika, inanywea au inatanuka. Ikinywea vibaya, ule uvimbe wa mita 37 unakuwa 73, na kilima ambacho jana hakikuwepo kinasimama katikati ya mazungumzo.

Asubuhi ile ya yule mama, lori la kubeba mbuzi wa sokoni lilituokoa saa tatu.

Biliqo si mahali pa kueleza kwa sifa. Nyumba za mabati na nyumba za matawi na turubai, msikiti, shule, maduka machache, na vumbi laini linaloingia kwenye daftari. Salamu ya Kiborana ni amani, nagaa, na haiharakishwi; unaulizwa amani ya watu, ya mifugo, ya ulikotoka, na ukijibu haraka unaonekana huna adabu au una deni. Tulikaribishwa kwenye hoteli ya mama mmoja tukanywa chai ya maziwa ya ngamia, yenye moshi kidogo wa chombo, tukala nyirinyiri kwa chapati. Mzee wa makamo, fimbo mapajani, akavuta kiti.

"Nyinyi ndio watu wa busta?"

Fundi akakubali kuwa yeye ni mtu wa mnara, kwa sauti ya mtu anayengoja lawama.

"Basi nisikie. Usiku wa upepo, netiweki inakaa. Usiku ule hata jani halitingiki, nyota zimejaa, hiyo inakufa kabla ya adhana. Nimeangalia mwaka mzima. Mnazima jenereta mkiona hakuna upepo?"

Fundi aliweka kikombe chini. Alitoa kompyuta, akafungua michoro ya miezi mitatu, na akamgeuzia mzee kioo kana kwamba mzee ndiye msimamizi wake. Mstari wa nguvu ya mawimbi ulikuwa umenyooka mchana kutwa, kisha baada ya usiku wa manane unaanza kukunjamana, na kuanzia saa tisa unakuwa meno ya msumeno. Usiku mwingine ulikuwa laini kama mchana. "Hii yote ilikuwa ya upepo," alisema. Mzee akatikisa kichwa. Hakuonyesha kushangaa hata kidogo.

Ukienda kaskazini magharibi kutoka hapa, baina ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, upepo hupita kama maji kwenye mdomo wa chupa. Mwaka 1982 Kinuthia na Asnani walichapisha maelezo ya mkondo huo wa upepo, ambao wanasayansi wanauita mkondo wa Turkana, na leo ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Ziwa Turkana. Fundi amefanya kazi Marsabit pia. Kule, alisema, upepo hutikisa mnara mpaka dishi inakosa shabaha. Huku Biliqo adui ni utulivu.

Jioni tulipanda gari hadi mnarani, nje kidogo ya kijiji. Kabla jua halijazama fundi alijifunga mikanda akapanda, akafunga kipimajoto kimoja mita 40 juu, cha pili akakiacha kwenye mguu wa mnara, kimo cha kiuno. Waya zote mbili zikaishia kwenye kisanduku kidogo mbele yetu. Kwenye mnara palikuwa na dishi mbili zinazotazama upande mmoja, moja juu ya mwenzake, kama mita kumi zikiachana. Askari wa mnara, ambaye amezilinda kwa miaka minne, alikuwa akiamini moja ni ya kusema na nyingine ya kusikia. Hakuwa mbali. Zote zinasikia, wazo ni kwamba hewa ikiua wimbi kwenye kimo kimoja, huenda haikuua kwenye kimo kingine.

Saa mbili usiku vipimajoto vilisoma karibu sawa, nyuzi 27. Saa nne chini 24, juu 25. Anga ilikuwa wazi kabisa, na ardhi iliyooka mchana ilikuwa ikirudisha joto lake mbinguni bila wingu la kulizuia. Saa sita upepo ulikufa. Nilisikia ukifa: bati moja la kibanda cha jenereta lililokuwa likigonga tangu jioni likaacha. Saa nane chini 20, juu 24. Nikashika chuma cha mnara kwa mkono, kilikuwa baridi kama chupa ya soda, na juu ya kichwa changu, kwenye kimo cha mnazi mrefu mara mbili, kulikuwa na hewa yenye joto la jioni.

Kawaida ukipanda juu unakuta baridi. Usiku kama huu mambo yanageuka: hewa baridi na nzito, yenye unyevu wa mto, inakaa chini kama maji kwenye sinia, na hewa yenye joto na kavu inailalia kama kifuniko. Wimbi la redio likiingia hapo hupinda kuliko kawaida. Unyevu una sauti kubwa kuliko joto katika jambo hili. Mvuke wa maji huzipindisha redio zaidi sana kuliko unavyopindisha mwanga. Tabaka likiwa kali vya kutosha, wimbi hupinda sawasawa na mgongo wa dunia na kuteleza juu yake, likagota kwenye kifuniko na kurudi, kama maji ya mfereji wa shamba. Tena haliji moja. Kipande kinafika kwa njia ya kawaida, kipande kingine kwa njia ya juu, na hapo ndipo balaa. Kwenye masafa ya gigahezi 7 wimbi zima lina urefu wa sentimita 4 na ushei. Vipande viwili vikipishana nusu ya hapo, kilele cha kimoja kinakutana na bonde la kingine na vyote vinauana. Sentimita mbili tu, katika safari ya kilomita arobaini na kitu! Niliuliza mara mbili nikidhani nimesikia vibaya.

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na namba moja kubwa. Mchana ilikuwa hasi 42. Saa tisa na nusu ilianza kucheza: 45, 44, 51, 47. Hizo ni desibeli, hesabu inayoficha ukali wake: ukishuka 10 umebaki na sehemu ya kumi ya nguvu, ukishuka 20 sehemu ya mia, ukishuka 30 sehemu ya elfu. Saa kumi ilipiga 63. Redio zenyewe hazikati tamaa haraka. Zinapoona hewa imechafuka hupunguza mwendo, zikapakia taarifa chache kwa kila pigo la wimbi ili angalau sauti ipite, kama lori linalopunguza mzigo kabla ya matope. Saa kumi na dakika ishirini namba ilisoma hasi 77, kisha vistari vitupu. Dishi ya chini nayo ikafuata. Taa ya kijani ikawa nyekundu. Mnara ulikuwa na dizeli, betri zimejaa, askari yuko macho, na hauongei na mtu.

"Sasa yule mama," nikasema.

"Sasa yule mama," fundi akaitikia.

Mnara uliokosa njia ya kwenda mjini hujinyamazia, nazo simu zilizokuwa zikiutegemea huanza kutafuta mwingine. Usiku wa kawaida zisingepata kitu. Lakini hewa ile ile iliyoua mnara wa Biliqo inabeba sauti ya mnara wa mbali, labda kilomita 60 au 70, mpaka kwenye jiwe jeusi. Simu inasikia, inafurahi, inachora vijiti vinne. Na hapa inaingia sheria ambayo haina uhusiano na hewa. Mtandao wa simu za kizazi cha pili, ambao ndio mulika mwizi inaoujua, huwagawia watu zamu za kusema, kila mmoja sehemu ndogo ya sekunde. Aliye mbali hana budi kuanza kusema mapema ili sauti yake ifike ndani ya zamu yake, na mnara humwambia aanze mapema kiasi gani, kwa hatua zenye namba kuanzia 0 mpaka 63. Kila hatua ni kama mita 550. Hatua zikiisha umefika kilomita 35, na ng'ambo ya hapo, mnara usipokuwa umepangwa maalumu, jibu lako linaangukia kwenye zamu ya mtu mwingine na kutupwa. Yule mama anausikia mnara. Mnara hauwezi kumsikia. Iko na haiko.

Nilikaa na jambo hilo kwa muda, kwa sababu lilinirudisha Mombasa. Jirani yetu alikuwa na antena ndefu kuliko mnazi wake, imeelekezwa kusini, na jioni fulani za kaskazi, bahari ikiwa kimya kama mafuta, alikuwa akipata televisheni ya Zanzibar, ambayo ilianza miaka ya 1970 ikiwa ya rangi tangu siku ya kwanza. Watoto wa mtaa tukajaa sebuleni. Kusi likiingia, picha inageuka theluji. Wakubwa walisema ni upepo unaozungusha antena. Sasa najua kilichokuwa juu ya maji yale: hewa kavu ya joto imelala juu ya hewa yenye chumvi na unyevu, mfereji uliotandikwa juu ya bahari. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia rada ya Waingereza iliyokuwa Bombay ilikuwa ikiona pwani ya Arabuni, zaidi ya kilomita elfu moja ng'ambo ya upeo wa macho, katika miezi mikavu, kisha monsuni ikivuma inapofuka. Ni majira yale yale yaliyoleta majahazi Lamu. Marconi naye, mwaka 1932, alirusha mawimbi ya sentimita 57 kutoka Rocca di Papa karibu na Roma yakapokewa Sardinia, kilomita 270, mahali ambapo hesabu za wakati huo zilisema hayawezi kufika.

Msomaji wa rika langu atasema: mbona redio za masafa mafupi zilikuwa zikisikika vizuri usiku, hata baba zetu wakangoja giza liingie ndipo watege London au Cologne? Hayo ni mengine kabisa. Masafa mafupi hugonga tabaka lililo kilomita mia na zaidi juu yetu na kurudi, na usiku sehemu ya chini ya tabaka hilo inayoyanyonya hutoweka. Maikrowevu hayatambui tabaka hilo. Hulipenya kama risasi kwenye wavu. Shida zake zote ziko kwenye hewa tunayovuta, hasa kilomita ya kwanza kutoka miguuni. Ndiyo maana mawimbi yanayokuja wima hayasumbuki sana. Kwa miezi michache, kuanzia Julai 2020, baluni za Loon zilielea kilomita 20 hivi juu ya sehemu za magharibi na kati ya Kenya zikigawa mtandao, hadi mradi ulipofungwa mwaka uliofuata. Starlink iliingia nchini Julai 2023. Wimbi linaloshuka kutoka juu hulikata tabaka la alfajiri kama kisu na kupita. Linalosafiri mlalo kutoka kilima hadi kilima hutembea ndani yake mwendo wote.

Lakini mzee wa hotelini alikuwa ameniachia swali lingine, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Aliuliza kama busta inaweza kujua mvua imenyesha Yamicha. Yamicha ni malisho ya mbali, kaskazini ya Merti, na kukosea kuhusu mvua ya kule ni kuua ng'ombe kwa safari. Vijana hutumwa kuangalia, zamani kwa miguu, siku hizi kwa boda boda.

Jibu ni kwamba inaweza, na hapa Kenya jambo hilo limeshajaribiwa. Matone ya mvua hula maikrowevu, kwa sababu ukubwa wake unakaribia urefu wa mawimbi yale. Mvua inayonyesha kwa kiwango cha milimita 50 kwa saa hunyonya kama desibeli 7 kila kilomita kwenye gigahezi 23. Tena matone makubwa yakianguka hubonyea, yakawa kama maandazi yaliyokaliwa, hivyo wimbi linalotikisika kwa ulalo huumia zaidi ya lile la wima. Kile ambacho kwa mhandisi ni hasara, kwa mtaalamu wa hali ya hewa ni kipimo: ukijua nguvu iliyopotea kati ya minara miwili, unajua mvua iliyonyesha kati yake. Mwaka 2006 Hagit Messer na wenzake huko Israel walilionyesha jambo hili katika jarida la Science. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walitumia kumbukumbu za minara ya Safaricom katika Bonde la Ufa, kando ya Naivasha, kukadiria mvua mahali ambapo vipimo vya mvua ni haba. Wengine wamefanya hivyo Burkina Faso.

Nilimweleza fundi kwa furaha, saa kumi na moja ile, tukiwa mbele ya taa nyekundu. Akaniacha nimalize.

"Mzee, hii yetu ni gigahezi 7."

Kwenye gigahezi 7 mvua ile ile hainyonyi hata desibeli moja kwa kilomita. Ndiyo sababu inachaguliwa kwa safari ndefu: haiogopi mvua. Naivasha minara iko karibu karibu, masafa ni ya juu, na kila wingu linaacha alama. Huku, ambako tone moja lina bei, redio zimechaguliwa makusudi zisiione mvua. Hakuna aliyekosea. Mimi ningefanya uamuzi huo huo kama kazi yangu ingekuwa kuhakikisha simu zinapita. Lakini sikujua nitamwambiaje mzee, na asubuhi ile sikumwambia.

Saa kumi na mbili na dakika kumi anga ya mashariki ilipauka. Vipimajoto: chini 19, juu 23. Vistari vitupu. Mbuzi walianza kulia kijijini, kisha kengele za mbao za ngamia. Jua lilichomoza nyuma ya migunga, jekundu na bapa, limebonyezwa juu na chini kama tunda lililokaliwa, na fundi akasema tazama, hiyo ndiyo hewa yetu, inalipinda jua lenyewe. Saa kumi na mbili na nusu chini 21, juu 23. Namba ikarudi: hasi 71. Ikapotea. Ikarudi 66. Askari alikuwa akikoroga makaa.

Kisha bati la kibanda cha jenereta likagonga mara moja, likatulia, likagonga tena.

Hasi 58. Hasi 49. Taa ikawa kijani. Fundi akafungua dirisha la pili kwenye kompyuta, lile la simu zilizo hewani kupitia mnara huu. Lilisoma 0. Tuliliangalia kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani, hakuna aliyegusa chai. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na tisa ikasoma 1.

"Umbali?" nikauliza.

Akabonyeza. Hatua ya 17: kilomita tisa na kitu, sawa na mwendo wa saa mbili kwa miguu. Haikuonyesha upande. Mazungumzo yalidumu dakika nne na sekunde kumi na moja.